Jua, Mifupa na Sonona

Vitu viwili vifuatanapo mara kwa mara, akili ya mwanadamu hupenda kusema kuwa kimoja ni mzazi wa kingine. Wingu jeusi hutangulia mvua, na kwa hakika mvua hutoka winguni. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini hapana mwenye akili timamu asemaye kuwa jogoo ndiye aletaye jua. Kwa nje mifano hii miwili ina sura moja. Tofauti yake hujulikana kwa jaribio. Mchinje jogoo, na kesho kutakucha kama jana. Liondoe wingu, na mvua haitanyesha. Historia ya utabibu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kazi hii ngumu ya kutenga wingu na jogoo.

Insha hii yahusu jambo moja ambalo limewashughulisha matabibu wengi tangu mwisho wa karne ya 20, nalo ni uhusiano baina ya upungufu wa vitamini D mwilini na maradhi ya sonona. Kwa jina la sonona hatukusudii majonzi ya siku moja au mbili, ambayo hakuna mtu asiyeyajua. Twakusudia huzuni nzito inayokaa juma baada ya juma, inayomnyima mtu usingizi au kumlaza mno, inayomwondolea hamu ya chakula, ya kazi na ya watu wake, ikamfanya ajione hana thamani, na pengine ikamfikisha kutamani kufa. Imeonekana mara nyingi kuwa damu ya watu wenye maradhi hayo ina vitamini D kidogo kuliko damu ya wenzao. Je, upungufu huo ni wingu au ni jogoo? Swali hili si mchezo wa wanachuoni, maana anayengojea jibu ni mgonjwa. Ili tulipate yatupasa kuanza mbali, katika mifupa ya watoto wa Ulaya, kwa sababu huko ndiko swali la namna hii lilikoulizwa zamani likapata jibu kamili.

Katika karne ya 17 matabibu wa Uingereza waliona maradhi yaliyowashangaza. Watoto wadogo walioanza kusimama walipindika miguu kama upinde. Vifundo vya mikono vikavimba. Kifua kikachongoka mbele. Fuvu likawa laini. Na wengine wakafa. Katika orodha za vifo za mji wa London jina la maradhi hayo lilitokea mara ya kwanza mwaka 1634. Mwaka 1645 Daniel Whistler aliyaandikia tasnifu yake katika chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, na mwaka 1650 Francis Glisson akatoa kitabu kikubwa juu yake kwa Kilatini. Kiswahili kina neno matege kwa miguu iliyopindika hivyo, nasi humu tutayaita maradhi ya matege, ingawa si kila tege hutokana nayo. Whistler na Glisson waliyaeleza vema kwa sura, lakini asili yake hawakuijua. Viwanda vilipozidi katika karne mbili zilizofuata, maradhi yalizidi pamoja navyo. Miji ya makaa ya mawe ilifunikwa na moshi, vichochoro vilikuwa vyembamba, nyumba zilibanana, na watoto wa maskini walikua pasipo kuliona jua barabara.

Wako walioshuku mapema. Mwaka 1822 tabibu wa Kipolandi, Jędrzej Śniadecki, aliandika kuwa watoto wa mjini Warsaw waliugua kuliko wale wa shamba, akashauri watolewe nje juani. Mwaka 1890 Theobald Palm, tabibu mmisionari aliyekuwa amefanya kazi Japani, alikusanya habari kutoka kwa wamisionari wenzake waliokuwa katika nchi mbalimbali. Akaona kuwa penye jua tele maradhi haya ni haba, hata pale ambapo umaskini na uchafu vyaweza kushindana na vya mitaa mibaya ya Uingereza. Maneno yao hayakupata wasikilizaji wengi. Wengine walisema matege ni urithi. Wengine hewa mbaya. Wengine ukosefu wa mazoezi. Na wengine chakula. Hao wa chakula walikuwa na hoja nzito, kwa kuwa watu wa pwani za kaskazini ya Ulaya walijua tangu zamani kuwa mafuta ya ini la samaki huwafaa watoto wa namna hiyo, na katika karne ya 19 matabibu wengi waliyatumia. Hapo palikuwa na fumbo. Mafuta ya samaki hunywewa, nuru ya jua huotwa. Yawezaje mambo mawili yasiyofanana kuponya maradhi mamoja?

Fumbo hilo lilifunguliwa katika muda mfupi kwa kazi ya watu wengi. Mjini London Edward Mellanby aliwafuga vitoto vya mbwa ndani, mbali na jua, akawalisha uji wa nafaka. Mifupa yao ikalegea. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, mifupa ikapona. Mwaka 1919 alitangaza matokeo yake, akaamini kuwa asili ya maradhi ni chakula. Mwaka huohuo mjini Berlin Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa ya zebaki, ambayo hutoa miali isiyoonekana kwa jicho, ile iliyopita rangi ya urujuani; picha za eksirei zikaonyesha mifupa yao ikijaa chokaa upya. Tena alipoumulika mkono mmoja tu, mikono yote miwili ilipona. Hili lilikuwa jambo kubwa, maana lilionyesha kuwa nuru haikufanya kazi yake palepale ilipoangukia, bali ilizalisha kitu kilichosafiri ndani ya damu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji wa Vienna ulikuwa na njaa, na watoto wengi walikuwa na matege. Mwingereza mmoja, Bibi Harriette Chick, alikwenda huko na wenzake wakafanya kazi katika hospitali ya watoto hata mwaka 1922. Wengine waliwapa mafuta ya samaki, wengine chakula cha kawaida, wengine waliwaota jua au kuwaweka mbele ya taa. Wale wa chakula cha kawaida waliugua majira ya baridi. Waliopewa mafuta hawakuugua. Na waliokwisha kuugua walipona kwa mafuta au kwa nuru, kila moja kwa nafsi yake. Mwaka 1922 pia, mjini Baltimore nchini Marekani, Elmer McCollum aliyachemsha mafuta ya ini la samaki na kuyapitishia hewa mpaka vitamini A yake ikafa. Mafuta hayo hayakuponya tena macho, lakini yaliendelea kuponya mifupa. Basi ndani yake palikuwa na kitu kingine, nacho kikapewa herufi D, kwa sababu A, B na C zilikuwa zimekwisha chukuliwa. Mwaka 1924 Harry Steenbock wa chuo kikuu cha Wisconsin akaonyesha kuwa hata chakula chenyewe kikimulikwa kwa taa hupata nguvu ya kuponya matege. Hapo njia mbili zilikutana: jua na mafuta ya samaki vilikuwa vikileta kitu kimoja.

Leo twajua mwendo wake. Ndani ya ngozi mna namna ya mafuta ambayo, ikipigwa na miali hiyo ya jua, hugeuka kuwa vitamini D. Damu huipeleka kwenye ini, kisha kwenye figo, na katika viungo hivyo viwili hugeuzwa mara ya kwanza na ya pili hata ikawa tayari kwa kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kupokea kalisi kutoka katika chakula, ili mifupa ijengwe. Mjerumani Adolf Windaus, aliyechunguza asili ya vitamini hizi, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1928.

Tumekaa kitako juu ya matege kwa sababu yatuachia kipimo. Dai la kuwa ukosefu wa nuru ndio mzazi wa maradhi haya lilisimama juu ya nguzo tatu. Kwanza, aliyenyimwa aliugua. Pili, aliyerudishiwa alipona, na asiyerudishiwa hakupona. Tatu, njia kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto ilijulikana hatua kwa hatua, kutoka ngozini hadi mfupani. Nguzo ya kwanza peke yake isingetosha. Watoto wa London walikosa jua, lakini walikosa pia maziwa, hewa safi na mahali pa kuchezea. Na ambaye angeishia kuhesabu wagonjwa asingejua ni lipi kati ya hayo lililowapinda miguu. Nguzo ya pili ndiyo iliyokata shauri.

Ushindi mkubwa huzaa matumaini makubwa, na matumaini nayo yana hatari zake. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walianza kutia vitamini D katika maziwa, na matege yakapungua mno katika miji yao. Waingereza nao waliitia katika vyakula vingi vya watoto, hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaona watoto wachanga waliozidiwa na kalisi katika damu. Lawama iliangukia wingi wa vitamini hiyo, na mwaka 1957 kiasi chake kikapunguzwa. Ilikuwa onyo kuwa kitu chema kina kipimo chake. Hata hivyo sifa ya vitamini D haikufifia. Kitu kilichoweza kunyosha mifupa iliyopinda kilidhaniwa kuwa kina uwezo juu ya mengine mengi, na miongoni mwa hayo ni huzuni ya moyo.

Sonona ni kongwe kuliko moshi wa viwanda. Wayunani wa zama za Hippocrates waliinasibisha na nyongo nyeusi, na jina lao la melankolia lina maana hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akatenganisha huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama vile kufiwa na mpenzi, na huzuni isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo aliitafutia asili mwilini. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipa melankolia nafasi yake katika Qanun. Mwingereza Robert Burton aliitolea kitabu kinene mwaka 1621. Madawa yao tumeyaacha, lakini jambo moja waliliona sawasawa: sonona ina milango mingi. Matege ya watoto wa Ulaya yalikaribia kuwa na mlango mmoja. Sonona huingia kwa msiba, kwa ufukara, kwa upweke, kwa urithi wa damu, kwa maradhi mengine ya mwili, na mara nyingi kwa kadha wa kadha ya hayo kwa pamoja.

Ugumu wa kutambua mlango ulioingiliwa waonekana vizuri katika kisa cha merikebu ya Ubelgiji iitwayo Belgica. Mwaka 1898 merikebu hiyo ilinaswa na barafu katika bahari ya ncha ya kusini, na watu wake wakawa wa kwanza kukaa majira yote ya baridi ndani ya duara ya Antaktiki. Jua lilizama katikati ya mwezi wa Mei na halikuonekana tena kwa zaidi ya miezi miwili. Tabibu wao, Mmarekani Frederick Cook, aliwaona wenzake wakipauka, wakikosa usingizi, wakikaa kimya, wakikata tamaa. Wengine akili ziliyumba, na mwanachuoni mmoja, Émile Danco, akafa mwezi wa Juni. Cook aliwasimamisha wagonjwa mbele ya moto mkali ili joto na nuru yake viwapige mwilini, akawalazimisha kula nyama mbichi ya ndege wa barafu na sili. Wengi walipata nafuu. Lakini ni nini kilichowaponya? Walikuwa wamekosa jua, ni kweli. Lakini walikuwa na hijabu pia, ile ya kuvuja ufizi itokanayo na ukosefu wa vitamini C, ambayo nyama mbichi huiondoa. Walikuwa wamefungwa ndani ya mbao chache. Walikuwa na hofu ya kutorudi kwao, na baadaye walikuwa na msiba. Cook aliwapa moto na nyama kwa pamoja, kama impasavyo tabibu mwenye watu mahututi. Ila aliyepona kwa dawa mbili hawezi kuzitofautisha.

Mwaka 1984 Norman Rosenthal, tabibu aliyezaliwa Afrika ya Kusini akahamia Marekani, alieleza pamoja na wenzake habari za wagonjwa 29 ambao sonona yao ilikuja kila mwaka siku zinapokuwa fupi, ikaondoka siku zinaporefuka. Baadhi yao waliwekwa mbele ya taa zenye mwanga mkali, na wengi wa hao wakapata nafuu. Tangu hapo tiba ya taa imekubaliwa na matabibu wengi kwa sonona ya majira ya baridi. Hapo ndipo hoja moja ilipoonekana nyepesi mno: nuru huondoa sonona, nuru huleta vitamini D, basi vitamini D huondoa sonona. Lakini katikati ya hoja hiyo pana ufa. Taa hizo hufanya kazi kupitia jicho, ambalo huupelekea ubongo habari za usiku na mchana na kurekebisha saa ya mwili. Ile miali izalishayo vitamini D hupita ngozini, nayo katika taa hizo huzuiwa kwa makusudi ili isidhuru. Mgonjwa hupata nafuu mbele ya taa isiyomwongezea vitamini D hata chembe. Jua ni moja, lakini huingia mwilini kwa milango miwili, na aliyeingia kwa huu si lazima awe amepita kwa ule.

Hata hivyo hoja ya vitamini ilikuwa na mashahidi wengine wa kuheshimiwa. Mwaka 2005 Darryl Eyles na wenzake walionyesha kuwa ubongo wa binadamu una mapokezi ya vitamini D katika sehemu nyingi. Na kitu kisicho na kazi ubongoni kwa nini kiwekewe mapokezi? Mwaka 2008 wanachuoni wa Uholanzi walitangaza habari za wazee 1,282 wenye umri wa miaka 65 hadi 95: wale wenye sonona walikuwa na vitamini D pungufu kwa asilimia 14 kuliko wasio nayo. Mwaka huohuo kutoka Tromsø, mji wa kaskazini ya Norwe ambako jua halichomozi kwa miezi miwili kila majira ya baridi, Rolf Jorde na wenzake walitangaza jaribio la watu wanene 441. Waliopewa vitamini D nyingi kwa mwaka mzima walipungukiwa na dalili za huzuni, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa hawakupungukiwa. Kwa wengi ilionekana kuwa nguzo ya pili imekwisha simama.

Lakini tuitazame kwanza ile nguzo ya kwanza. Mtu mwenye sonona hufanyaje? Hujifungia ndani. Huacha kutembea, huacha kulima, huacha kuketi barazani na wenzake. Hula kidogo au hula ovyo. Basi kukosa kwake jua kwaweza kuwa mtoto wa sonona, wala si mzazi wake. Tena uzee, unene na maradhi ya muda mrefu hupunguza vitamini D katika damu, na mambo hayohayo hulemea moyo. Mzee mgonjwa asiyetoka chumbani atakuwa na vitamini chache na huzuni nyingi, na vyote viwili vitakuwa vimetoka katika kiti kimoja alichokaliwa nacho na maradhi. Jogoo na mapambazuko.

Kwa hiyo palihitajika majaribio zaidi. La kwanza lenye kufundisha lilitoka Tromsø kulekule. Mwaka 2012 Marie Kjærgaard na wenzake, Jorde akiwa mmoja wao, waliwachukua watu wenye vitamini D kidogo. Walipowalinganisha na wenye vitamini ya kutosha waliona kuwa kweli wale wa kwanza walikuwa na dalili nyingi zaidi za huzuni. Kisha wakawagawa kwa kura. Nusu wakapewa vitamini kwa miezi sita, nusu vidonge vitupu. Vitamini katika damu ilipanda. Huzuni haikushuka kuwazidi wenzao. Katika mji mmoja, katika kazi moja, mambo yote mawili yalionekana: kwamba upungufu na huzuni huandamana, na kwamba kuuondoa upungufu hakukuiondoa huzuni. Yafaa pia kuwasifu wanachuoni ambao, baada ya kutangaza matumaini, waliyapima tena bila ya upendeleo.

Jaribio kubwa lilitangazwa Marekani mwaka 2020 na Olivia Okereke na wenzake. Watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wasiokuwa na sonona wakati ule, walipewa kwa kura ama yuniti 2,000 za vitamini D kila siku ama vidonge vitupu, wakafuatwa kwa zaidi ya miaka mitano. Miongoni mwa waliopewa vitamini, 609 walipatwa na sonona au dalili zake nzito. Miongoni mwa waliopewa vidonge vitupu, 625. Kwa makundi ya watu zaidi ya elfu tisa kila moja, tofauti hiyo si kitu. Haki yatutaka tuseme pia yaliyo upande wa pili. Wengi katika jaribio hilo hawakuwa na upungufu, na huwezi kumshibisha aliyekwisha shiba. Tena wako waliojumlisha majaribio mengi madogo wakaona nafuu kiasi kwa watu ambao tayari wana sonona, ingawa mengi ya majaribio hayo ni mafupi, na matokeo yake hayapatani. Kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa. Ila yule aliyesema kuwa vitamini D ni kwa sonona kama ilivyokuwa kwa matege ameshindwa kwa kipimo kilekile kilichoipatia vitamini hiyo sifa yake.

Mpaka hapa tumekaa katika nchi za baridi, kwa kuwa huko ndiko majaribio hayo yalikofanyika. Lakini hoja ya jua ina upande wake wa pili, na upande huo watufikisha kwenye ikweta. Ikiwa ukosefu wa jua huzaa sonona, basi wingi wa jua wapaswa kuikinga. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake walitangaza vipimo vya damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili, ambao siku nzima wako nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, ilhali katika Ulaya nanomoli 50 huhesabiwa na wengi kuwa zatosha. Je, katika nchi zenye jua kama hilo sonona ni ngeni?

Jawabu la zamani la wakoloni lilikuwa ndiyo. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kuwa sonona ni haba kwa Waafrika. Sababu hakuitafuta katika jua. Aliitafuta katika upungufu aliodai kuwamo katika akili ya Mwafrika. Lakini ushahidi wake ulikuwa nini? Ulikuwa watu waliofikishwa hospitalini. Na katika siku zile nani aliyefikishwa Mathari? Ni yule aliyepiga kelele sokoni, aliyevunja, aliyepigana, akakamatwa. Aliyesonona kimya nyumbani kwake, akageukia ukuta akakataa chakula, hakuna askari aliyemfuata. Carothers alihesabu waliopita mlangoni, kisha akahukumu wasiopita.

Waliokwenda vijijini waliona mengine. John Orley na John Wing walifanya uchunguzi katika vijiji viwili vya Uganda wakautangaza mwaka 1979. Waliwauliza watu kwa utaratibu uleule uliotumika kwa wanawake wa mitaa ya kusini ya London, wakakuta sonona kijijini kuwa nyingi kuliko London. Waganda wenyewe hawakuhitaji kuambiwa. Lugha yao ilikuwa na majina yake tangu hapo, miongoni mwake okwekyawa, yaani kujichukia nafsi. Wala si haki kukata shauri la vitamini kwa jambo hili peke yake, maana kijiji cha Uganda na mtaa wa London hutofautiana kwa mengi. Lakini latosha kuondoa dhana kuwa jua la ikweta ni ngao dhidi ya sonona.

Na dawa ilikuwa nini chini ya jua hilo? Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walitangaza jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini ya Uganda, nchi iliyokuwa imepigwa vibaya na UKIMWI. Katika nusu ya vijiji wagonjwa walikusanywa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa juma kwa majuma 16, chini ya kiongozi wa lugha yao, kuzungumza juu ya misiba yao, magomvi yao na mageuzi ya maisha yao, na kutafutiana njia. Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya watu hao walikuwa na sonona kamili. Baada yake ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyo na vikundi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Jua liliwawakia wote sawasawa. Kilichowatofautisha ni kusikilizwa. Hapa nguzo ya pili, ile ya kurudisha kilichokosekana, ilisimama. Na kilichokosekana hakikuwa katika ngozi.

Yafaa sasa tuseme yatokanayo. Upungufu wa vitamini D ni jambo la kweli na wapasa kutibiwa. Mtu mwenye ngozi nyeusi anayeishi kaskazini ya Ulaya, na wako wasemaji wengi wa Kiswahili huko, hupata vitamini kidogo kutoka katika jua hafifu. Ndiyo sababu tangu mwaka 2016 Waingereza wamewashauri watu wa asili ya Kiafrika kufikiria kutumia mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Hata katika nchi za Ghuba, ambako jua huunguza, upungufu ni mwingi, kwa kuwa jua la nje halimfai akaaye ndani. Lakini mifupa na misuli ndiyo idaiyo haki hiyo, na haki hiyo yatosha pasipo kuongezewa ahadi ya furaha. Mwenye sonona akionekana kuwa na upungufu, arudishiwe vitamini yake kwa ajili ya mwili wake. Ila chupa ya vidonge isishike nafasi ya mazungumzo, ya dawa zilizojaribiwa na ya watu wa kukaa naye.

Maana makosa hapa yana mwenye kuyalipa. Mwanafunzi aliyeko ugenini akiambiwa kuwa huzuni yake ni ukosefu wa jua tu, atameza vidonge majira yote ya baridi huku upweke unaomla haujaulizwa na mtu. Na mama aliyeko Kagera au Kilifi, ambaye jua humpiga kutwa shambani, akiambiwa kuwa mwenye jua hasononi, ataambiwa kwa maneno mapya lile alilolisema Carothers: kwamba maradhi yake hayapo. Wa kwanza hupewa sababu isiyo yake, wa pili hunyimwa hata jina la maradhi. Watoto wa Vienna walipona kwa sababu watu walikubali kujaribu walichokiamini, na kukiacha kile kilichoshindwa. Mwenye sonona naye anastahili uangalifu uleule, wala asipewe mengine badala yake.